Fomu Sitini na Moja kutoka Kianda

Nekoye alipewa ile kazi kwa sababu ya mwandiko wake. Kwa miaka sita alikuwa akiuza nguo za watoto katika Soko la Toi, na bei aliziandika kwenye vipande vya katoni kwa herufi za mviringo ambazo hata mtu wa ng'ambo ya njia aliweza kuzisoma. Siku moja mwanamke aitwaye Rachael alisimama kununua soksi, akaviangalia vile vipande vya katoni muda mrefu kuliko soksi zenyewe. Kisha akamuuliza kama angependa kazi ya wiki nne.

Serikali ilikuwa inaandika sera mpya ya nishati, Rachael alimweleza. Kabla ya kupitishwa, sheria ilitaka wananchi waulizwe. Shirika dogo alilofanyia kazi lilikuwa limepewa jukumu la kukusanya maoni ya mitaa ya mabanda, na ofisi yao ilikuwa Kawangware, kwenye steji ya matatu iitwayo 56, orofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na saruji. Hapo ndipo Nekoye alipopewa furushi la fomu. Zilikuwa na maswali matano. Unapikia nini? Umeme wako unatoka wapi? Unakusumbua vipi? Ungetaka sera ibadilishe nini? La tano lilikuwa nafasi tupu ya kusema lolote. Chini kabisa palikuwa na mistari ya jina, nambari ya kitambulisho, simu, ploti na mlango.

"Watu wataogopa hii ya chini, Madam," Nekoye alisema.

"Hiyo ni ya kuonyesha tu kwamba hatukujijazia wenyewe hapa ofisini," Rachael akajibu. "Waambie wasiwe na wasi. Hakuna mtu ataiona."

Nekoye aliyabeba maneno hayo hadi Kianda, mtaa wa mabanda alikoishi na binti yake Whitney, akayarudia mlango baada ya mlango. Hakuna mtu ataiona. Aliyasema kwa moyo wake wote.

Siku za kwanza hazikuzaa kitu. Kianda nzima ilijua stima inatoka wapi. Inatoka kwa Wanzala. Nyaya zake zilipita juu ya mabati kutoka kwenye transfoma iliyo karibu na barabara, zikiwa zimefungwa kwa mipira na nailoni, na kila mwezi watu wake walipita kuchukua pesa. Mafundi wa serikali wakija kukata, walikata saa nne asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana nyaya zilikuwa zimerudi. Wanzala mwenyewe alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, anayevaa shati lililopigwa pasi. Aliwasalimia watu kwa majina ya watoto wao. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, ila watu walipozungumza habari zake, wao ndio walioshusha zao.

"Stima iko sawa," watu walimwambia Nekoye. "Andika tu iko sawa."

Aliandika iko sawa, iko sawa, mpaka alipofika kwa Jeconia Osewe.

Mzee Jeconia alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na karakana yake ilitazamana na ploti ya akina Nekoye. Alisikiliza maswali yote matano akiwa amesimama, miwani ya kazi ikiwa juu ya paji la uso. Halafu akavuta mkebe wa rangi, akaketi.

"Utaandika vile ninasema, ama utaandika vile wanapenda?"

"Vile unasema, Mzee."

"Basi andika. Boaz hakuwa mlevi."

Nekoye alimtazama.

"Andika kwanza, nitakueleza. Boaz alikuwa fundi mwenzangu, miaka kumi na moja hapa hapa. Mvua ilinyesha, akaenda kufunga bati lililokuwa linapigapiga, na waya uliokatika ulikuwa umelalia hilo bati, ukamuua. Polisi walikuja wakaandika alianguka akiwa amelewa. Boaz hakuwa anakunywa hata soda ya baridi, tumbo lake lilikuwa linakataa. Lakini ukiandika mlevi, hakuna mtu ameuawa na stima. Umeelewa? Hapa Kianda hakuna mtu amewahi kuuawa na stima. Vitabu vyao viko safi." Alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa haina kitu. "Mimi nataka hiyo sera iseme hivi: mtu akifa na waya, ahesabiwe. Jina lake liandikwe mahali. Na mita ipewe mtu anayelala kwenye nyumba, si mwenye ploti, si Wanzala. Na huyo mtu mwenye jaketi la serikali anayekuja na Wanzala kufungua transfoma, waseme kama wanamjua."

Nekoye aliandika yote. Jeconia akaisoma fomu polepole, akitembeza kidole, kisha akajaza ile sehemu ya chini mwenyewe: jina, kitambulisho, simu, ploti, mlango. Akasaini.

Haijulikani alimwambia nani, lakini kesho yake watu walianza kumwita Nekoye wenyewe. Awiti, mwenye saluni, alieleza jinsi mashine ya kukausha nywele ilivyoungua pamoja na nywele za mteja. Mama mmoja alisema analala na ndoo ya mchanga kando ya kitanda kwa kuogopa moto. Mwingine alitaka tu kuuliza kama ni kweli Rais atazisoma. Wiki ya pili ilipoisha, Nekoye alipeleka fomu arobaini na tatu Kawangware. Rachael alizipokea kwa mikono miwili, akazipekua moja moja, akasema, "Hii ndiyo kazi. Hii ndiyo kazi sasa."

Siku nane baadaye stima ilikatika kwa Jeconia.

Haikukatika kwa mtu mwingine. Muuza chipsi wa kushoto kwake aliendelea kukaanga, kinyozi wa kulia akaendelea kunyoa. Jeconia alitoka nje akautazama ule waya ulioning'inia, umekatwa vizuri kwa koleo, akarudi ndani akaanza kupiga vyuma kwa nyundo. Siku iliyofuata ikawa zamu ya saluni ya Awiti. Halafu yule mama wa ndoo ya mchanga. Nekoye alianza kuhesabu moyoni, na kila mlango aliouhesabu alikuwa ameuandika.

Alhamisi hiyo, mchana kweupe, Wanzala alikuja Toi. Nekoye alimwona akipita katikati ya marundo ya nguo bila haraka, akigusa hapa na pale, mpaka akafika mbele ya kibanda chake.

"Niaje, Mama Whitney."

"Poa."

"Nataka sweta. Ya mtoto wa miaka mitatu. Hii ni ya kuosha na maji moto ama baridi?"

"Baridi."

Aliishika ile sweta juu, akaikagua mshono kwa mshono. "Unajua mimi nilitoka shule darasa la saba," alisema. "Mwandiko wangu ni kama kuku amepita. Lakini yako, ai! Hata mtu akiisoma kwa simu, kwa hiyo kioo kidogo, inaonekana tu. *Boaz hakuwa mlevi.* Hiyo B umeipiga vizuri kabisa. Ni kama ya kadi ya harusi."

Kelele za soko ziliendelea, muuza viatu wa jirani akitaja bei zake kwa sauti ya wimbo, lakini Nekoye aliona kama masikio yake yameziba. Wanzala alimpa pesa taslimu, bila kuomba apunguziwe, akaikunja sweta na kuitia kwapani.

"Bado uko na zingine?" akauliza.

"Zingine gani?"

"Fomu." Alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa kama amelala vizuri. "Andika tu, sista. Ni haki yao. Mimi napenda kujua watu wangu wanafikiria nini."

Nekoye alifunga kibanda saa nane, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatembea hadi Ngong Road, akavuka, akaenda kwa miguu mpaka Kawangware bila kusimama. Alimkuta Rachael anakula mahindi ya kuchemsha mezani.

"Ni nani alichukua fomu zangu?"

"Ziko hapa." Rachael alielekeza kabati kwa kichwa. "Hakuna mtu amechukua."

"Wanzala amezisoma. Ameniambia neno kwa neno."

Rachael aliweka mahindi chini. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtia Nekoye baridi. Aligeuza kompyuta ili Nekoye aone. Palikuwa na orodha ndefu ya anwani, na juu yake kichwa: Wadau. Kila fomu ilipigwa picha, Rachael alieleza, na kila mdau aliyesajiliwa alitumiwa nakala ili aweze kujibu. Walikuwemo wenye viwanda, wauza gesi, wauza sola, makanisa. Nambari ishirini na tisa ilikuwa Kikundi cha Huduma ya Umeme Kianda. Mwenyekiti: Wanzala.

"Ana cheti," Rachael alisema. "Amejisajili kama watu wengine. Nitamkataza na sheria gani?"

"Uliniambia hakuna mtu ataziona!"

"Nilimaanisha..." Rachael aliirudisha kompyuta upande wake. Alikuwa mwanamke mwenye uso mchovu, na wakati ule ulionekana mchovu zaidi. "Mchakato unatakiwa uwe wazi, Nekoye. Wakisema tumeficha kitu, mahakama inaifuta sera nzima. Mimi sikuiandika hiyo sheria. Lete zilizobaki Jumamosi, kwa mkutano wa wananchi na watu wa wizara. Baada ya hapo imeisha."

Zilizobaki, alizojaza baada ya zile za kwanza, zilikuwa sitini na moja. Nekoye alizihifadhi chini ya godoro, na alipofika nyumbani aliinua kona ya godoro kuhakikisha bado zipo. Kisha akaenda kumwambia Jeconia. Alimwambia kila kitu, orodha, nambari ishirini na tisa, sweta. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo wamesoma," alisema.

"Wamesoma, Mzee. Nisamehe."

"Si nilitaka isomwe?" Alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa juu, kwenye nyaya. "Usichome hizo zingine. Ukichoma, ni kama walichoma wao."

Ijumaa asubuhi, Nekoye akiwa anamfunga Whitney vifungo vya sare, walisikia sauti ambayo hakuweza kuitaja baadaye, si mlio wala ukelele, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Alitoka mbio. Jeconia alikuwa amelala chali mbele ya karakana yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekunjika kama umeshika kitu. Mlango wake, ule mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe, ulikuwa umefungwa waya mwembamba kwa nyuma, juu karibu na bawaba, mahali ambapo mtu hatazami. Waya ulipanda mpaka kwenye mabati na kupotea kati ya wenzake. Karakana isiyokuwa na stima kwa wiki nzima ilikuwa imeletewa stima.

"Msiuguse mlango!" kinyozi alipiga kelele. "Mtu asiguse!"

Hakufa. Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni hadi barabarani, na jioni habari zikaja kwamba moyo uko sawa lakini vidole vitatu vitakatwa. Polisi mmoja alikuja, akautazama mlango kwa mbali, akauliza majirani kama mzee alikuwa na tabia ya kujiungia stima. Majirani walirudi milangoni mwao. Nekoye alimwona akiandika kitu kifupi, akafunga daftari.

Jumamosi, kabla ya kwenda Kawangware, Nekoye aliketi sakafuni na mkasi wake wa kushonea. Alikata sehemu ya chini ya kila fomu, sitini na moja, mstari ulionyooka. Vipande vyenye majina alivitia ndani ya jiko, akasimama hapo akivikoroga kwa kijiko mpaka Whitney akauliza anapika nini.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa, nyuma ya steji ya 56. Viti vya plastiki, kipaza sauti, maji ya chupa kwa waliokaa mbele. Wadau walikuwa wamevaa beji shingoni. Wanzala alikuwa safu ya pili, shati jeupe, mikono juu ya magoti.

Ofisa aliyetoka wizarani, bwana mwenye sauti laini, alizipokea fomu za Nekoye, akaligeuza furushi, akalirudisha.

"Hizi hazina majina."

"Ndiyo."

"Maoni bila jina hayawezi kuhesabiwa, mama. Tutajuaje ni ya nani?"

"Ni ya watu wa Kianda. Mimi ndiye niliyaandika. Weka jina langu."

"Basi yatahesabiwa kama maoni ya mtu mmoja."

"Hesabu mtu mmoja," Nekoye alisema. "Lakini nitayasoma."

Hakuwahi kushika kipaza sauti maishani. Alikishika karibu mno, na maneno ya kwanza yaligonga ukuta yakarudi. Alisoma moja baada ya nyingine. Alisoma ndoo ya mchanga. Alisoma mtoto anayefanyia kazi ya shule kwenye duka la dawa kwa sababu ndiko kwenye taa. Ofisa aliangalia saa mara mbili, akaomba afupishe, na Nekoye akaendelea. Za mwisho zilipokwisha, alikunja mikono juu ya furushi na kusema kisichokuwamo katika fomu hizo, kwa sababu alikijua kwa moyo: kwamba kulikuwa na fundi aitwaye Boaz, na hakuwa mlevi, kwamba jana kuna mzee amepoteza vidole, na kwamba wanaokufa na waya wahesabiwe.

Halafu mtu akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa adabu. Alikuwa Wanzala. Watu waliokuwa karibu naye walimtazama, nao wakapiga. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Nekoye akasimama pale mbele, furushi mkononi.

Alingoja kitu kimpate. Alimpeleka Whitney shule na kumchukua. Alikagua kila mlango kwa kijiti kikavu kabla ya kuushika. Wiki ikapita, ya pili ikapita, hakuna aliyemgusa.

Kilichotokea kilianza kwa namna ambayo mwanzoni aliiona kama bahati. Stima ilipotea Kianda yote upande wao, siku tatu mfululizo, na kwa Nekoye haikupotea. Saa moja jioni, watu wakipapasa kutafuta mishumaa, dirisha lake lilikuwa linawaka. Alizima. Mtu alikuwa ameshaona. Wiki iliyofuata ikawa hivyo tena. Watu wa Wanzala walipopita kuchukua pesa za mwezi, waliruka mlango wake. Alipowakimbilia na pesa mkononi, mmoja wao alimwambia kwa sauti ya kusikika ploti nzima, "Wewe tena? Wewe ni wetu."

Awiti ndiye aliyekuja kumuuliza, kwa sababu waliwahi kuwa marafiki.

"Mama Whitney, walikulipa ngapi?"

"Awiti, nani?"

"Fomu zangu niliandika na wewe. Simu yangu niliandika na wewe. Saluni yangu imefungwa. Na wewe unalala na taa."

Nekoye alimweleza juu ya orodha, wadau, nambari ishirini na tisa. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe kama mtu anayedanganya. Awiti alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. Aliondoka bila kuaga. Jioni hiyo Nekoye alipanda juu ya ndoo na koleo la mkopo, akaukata waya wake mwenyewe, akalala gizani na Whitney. Asubuhi waya ulikuwa umeunganishwa tena, na fundo lake lilikuwa safi.

Jeconia hakuamini uvumi huo. Alipotoka hospitali alikuja kuagana, akielekea kwao Ugenya, mkono ukiwa umefungwa hadi kiwiko. "Nimesikia ulisoma," alisema. "Wametuma ile ripoti ya maoni?"

Ripoti ilikuwa imetoka. Rachael alikuwa amemtumia Nekoye kwa simu, bila salamu. Katika jedwali la mitaa, Kianda ilikuwa na mstari wake: maoni yaliyopokelewa, arobaini na nne. Na ukurasa wa tisini na mbili ulikuwa na sentensi moja: *Mwananchi mmoja alipendekeza kuwepo kwa rejista ya vifo vinavyotokana na umeme, pendekezo linazingatiwa.* Nekoye alimsomea. Mzee aliomba asomewe tena.

"Linazingatiwa," alirudia. "Maana yake ni nini?"

"Sijui, Mzee."

"Lakini limeandikwa."

"Limeandikwa."

Aliitikia kwa kichwa, akainua begi lake kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Mwezi huo Nekoye alihama. Alipata chumba Kawangware, ploti ya vyumba kumi na viwili si mbali na 56, mahali ambapo hakujulikana na mtu. Alibeba vitu vyake kwa mkokoteni mara mbili. Mama mwenye ploti, mwanamke mnene aitwaye Mama Mbuthia, alimfungulia mlango na kubonyeza swichi. Balbu ikawaka, nyeupe na kali.

"Kwa stima huna shida," alisema. "Wale wengine wanangoja foleni ya mita, lakini yako ilifungwa leo asubuhi. Fundi alisema unajua."

Nekoye aliitazama ile balbu. Whitney alikuwa ameshaingia, anachagua upande wa kuweka kitanda.

"Alikuwa amevaa nini?" Nekoye aliuliza.

"Nani, fundi? Jaketi la serikali, si wote wanavaa hivyo?"

Mama Mbuthia alipoondoka, Nekoye alizima taa. Alimwambia Whitney aketi juu ya godoro asiguse kitu. Kisha akatoka kwenye korido, ambako majirani walikuwa wanawasha majiko, na akaenda kwenye mlango wa kwanza mkono wa kushoto, akabisha. Mwanaume mwenye fulana alifungua, mtoto akiwa mkononi.

"Mimi ni Nekoye, nimehamia hapo," alisema. "Nimetoka Kianda. Kuna kitu nataka usikie kutoka kwangu mwenyewe, kabla hujaambiwa na mtu mwingine."

Yule mwanaume alimtazama, akatazama juu, kwenye waya mpya unaong'aa uliopita juu ya milango yote kumi na mmoja hadi kwenye wa kumi na mbili, wa Nekoye.

"Ongea basi," alisema. Lakini hakumkaribisha ndani.